TAHADHARI: "Dawa ya kufufua sakafu ya mbao" ya kwenye galoni zisizo na lebo

Mnaoishi nyumba za zamani za Nairobi zenye sakafu ya vibao vya mvule au mahogani, kaeni chonjo na wauzaji wa mlango kwa mlango. Huja na galoni ya lita 5 isiyo na lebo, wakiahidi sakafu iliyochakaa itarudi mpya siku hiyo hiyo, bila mashine wala vumbi.

Ujanja uko kwenye majaribio. Muuzaji anamimina kidogo, anapangusa kwa kitambaa, na mbao inakolea rangi na kung'aa papo hapo. Hata maji hufanya hivyo! Kimiminika chochote kikijaza michubuko, weupe wa michubuko hiyo hupotea hadi kikauke. Tazama pia mahali anapochagua: pembeni mwa ukuta, ambapo vanishi haijaliwa na viatu. Mwambie apake mlangoni, kisha arudi kesho kutwa kuchukua pesa. Hapo ndipo yeye hupata safari ya ghafla.

Ndani ya galoni huenda kukawa na oili chafu (oili ya injini iliyotumika) iliyozimuliwa kwa mafuta taa, nta nyepesi, au polishi ya silikoni. Oili ya injini haikauki: inanasa vumbi, inachafua soksi, na vibao vinageuka vyeusi kwenye maungio. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Kama kesho yake bado kuna duara la mafuta, usinunue. Silikoni ndiyo mbaya zaidi, maana vanishi yoyote utakayopaka baadaye itajikunja na kuacha vishimo vya mviringo. Hapo njia ya bei nafuu huwa ngumu kupatikana, na mara nyingi huishia kwenye mashine ya kupiga msasa.

Njia rahisi ya kweli ipo, ila ina masharti. Weka tone la maji palipochakaa. Likikaa juu dakika 10, vanishi bado ipo na inatosha kuiongezea. Likizama na kuacha doa jeusi, mbao iko uchi, na mkono mmoja (tabaka moja) wa vanishi hautaficha mahali hapo. Kisha sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye tapentaini. Kikitoka na utelezi wa nta, safisha sakafu nzima kwanza, ukibadilisha vitambaa kila mara.

Baada ya hapo, kwaruza kwa msasa namba 150 kufuata nyuzi za mbao hadi mng'ao wote ufe. Pasipokwaruzwa ndipo patakapobanduka. Fyonza vumbi, pangusa kwa tapentaini, acha ikauke kabisa, paka vanishi ya poliyurethani ya sakafu. Chumba cha mita 20 za mraba hula takriban lita 2 kwa mkono mmoja. Mvule ulio uchi una utomvu unaochelewesha vanishi ya mafuta kukauka, kwa hiyo ufute kwa thina kwanza na ujaribu kipande kidogo.

Kama sakafu yako tayari imepakwa oili, usimwage maji ya sabuni: vibao vitavimba na kuinuka. Nyunyiza unga wa chaki au talki, uache usiku kucha unyonye, fagia, rudia, kisha pangusa kwa tapentaini. Madirisha wazi, jiko limezimwa. Vitambaa vyenye mafuta vianike nje kimoja kimoja, visirundikwe kwenye ndoo; vile vya mafuta ya kitani (linseed) huweza kujiwasha vyenyewe.