Ufito wa Kuvulia Trauti Katika Mito ya Mlima Kenya na Aberdare: Upi Ununuliwe Kwanza

Anayetaka kununua ufito wa kuvulia trauti kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, hana budi kuutazama mto kabla hajaingia dukani. Mito yetu yenye trauti, kama vile Thego, Burguret na Sagana inayoteremka kutoka Mlima Kenya, au Gura, Chania na Mathioya inayotoka katika milima ya Aberdare ambayo wenyeji huiita Nyandarua, ni mito ya maji baridi na mawe mengi, na sehemu zake za juu ni nyembamba kiasi kwamba matawi ya kingo mbili hukaribia kugusana. Fito zilizopangwa hapa zimepangwa kwa kuifuata mito hiyo, kuanzia ule ninaoamini kuwa mnunuzi wa kwanza auchukue hadi ule ambao hapa kwetu hauna kazi.

Trauti si samaki wa asili ya Kenya. Trauti wa kahawia aliletwa mwaka 1905 kwa mayai yaliyotoka Loch Leven huko Uskoti, naye trauti wa upinde wa mvua akafuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Huyu wa pili kwao ni mito inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki, na huko Amerika ya Kaskazini wale wa jamii yake wanaoshuka hadi baharini, wakakulia huko na kurudi mtoni kuzaa, huitwa steelhead. Nimeutaja ukoo huu kwa sababu sehemu kubwa ya vifaa vinavyosifiwa sana ng'ambo imebuniwa kwa mito mipana na samaki wa kilo kadhaa, ilhali katika vijito vyetu trauti wengi hawafiki nusu kilo.

Kila ufito wa kazi hii una namba iliyoandikwa juu ya mshikio, na namba hiyo haipimi ufito wenyewe bali mshipi unaoustahili. Katika uvuvi huu nzi hana uzito wa kumfikisha popote. Mshipi ndio mzito, nao ndio unaorushwa na kumvuta nzi nyuma yake. Kipimo huchukuliwa katika futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9 hivi: namba 4 ina uzito wa karibu gramu 7.8, namba 5 gramu 9.1, na namba 8 gramu 13.6. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Katika Burguret ya juu mvuvi hurusha mita 5 au 6 tu, kwa hiyo mshipi uliotoka nje ya ufito haufikii hata uzito ulioandikwa, na ufito mgumu unaopinda nchani tu unabaki umesimama kama mpini wa jembe, bila kupata mzigo wa kuurudisha mbele. Ufito unaopinda hadi katikati hufanya kazi hata kwa mshipi mfupi. Muuzaji akikusifia ufito kwa jinsi unavyorusha mbali, muulize unarushaje karibu.

Nafasi ya kwanza, basi, naupa ufito wa nyuzi za kaboni, namba 4, wenye urefu wa futi 7 na nusu hadi 8, unaopinda kwa kiasi na kugawanyika vipande vinne. Ni mfupi wa kutosha kupita chini ya matawi, una nguvu ya kutosha kumdhibiti samaki wa kilo moja akitokea, na vipande vinne huingia katika mkoba wa mgongoni, jambo lenye maana kubwa kwa mtu anayepanda saa mbili au tatu kwa miguu kabla ya kufika majini. Ufito wangu wa kwanza haukuwa huo. Niliuziwa wa futi 9, namba 6, kwa maelezo kwamba ungefaa kila mahali, na siku ya kwanza pale Thego asubuhi nzima iliisha nikitoa nzi katika matawi ya nyuma yangu. Kilichonikomboa baadaye ni ufito mfupi pamoja na kujifunza kuuviringisha mshipi, yaani kuuinua taratibu juu ya maji na kuusukuma mbele kama wimbi bila kuupeleka nyuma kabisa.

Nafasi ya pili itawashangaza baadhi ya wavuvi, kwa maana naupa ufito wa faiba, yaani nyuzi za kioo, namba 3 au 4, wa futi 7 hivi. Fito za faiba zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na tangu miaka ya 1970 kaboni imezisukuma pembeni kwa kuwa ni nyepesi zaidi na hurusha mbali zaidi. Lakini sifa hizo mbili hazihitajiki sana chini ya miti. Faiba hupinda kwa mzigo mdogo, huvumilia kugongwa mawe kuliko kaboni, na humzuia samaki asikate uzi mwembamba wa mwisho wa mshipi, kwa kuwa ufito wote hulegea naye anapochupa. Kasoro yake ni upepo: ukitoka msituni na kufika mahali pa wazi, mshipi mwepesi juu ya ufito laini hautii mkono.

Kwa mahali pa wazi kuna ufito wa nafasi ya tatu, futi 9, namba 5, ambao duniani kote ndio unaouzwa kama ufito wa trauti wa kawaida. Anayekusudia kwenda zaidi katika maziwa ya Rutundu na Alice kwenye Mlima Kenya, au katika mabwawa ya mashambani, auweke huu mbele ya yote, kwa sababu pale urefu unasaidia kuuinua mshipi mrefu majini na uzito unasaidia dhidi ya upepo wa mchana.

Tenkara, aina ya ufito wa Kijapani, inakuja ya nne. Haina rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, bali mshipi hufungwa nchani, na ufito wenyewe huvutwa kama darubini hadi mita 3 na nusu au zaidi. Kwa bei ya jumla ni nafuu, na katika vijito vya nyanda za juu kuliko msitu inapendeza mno, ila chini ya miti urefu wake ni mzigo, na samaki mkubwa akikimbia huna mshipi wa kumwachia. Fito za mwanzi uliochanwa na kugandishwa kwa mkono ni kazi nzuri ya ufundi, lakini bei na matunzo yake si ya mtu anayeanza.

Wa mwisho ni namba 8, futi 10, ambao ndio ufito wa steelhead. Msomaji anayeishi Oregon karibu na mto Deschutes ataupa nafasi ya kwanza, na atahitaji rili yenye breki imara. Kwetu humvuta samaki mdogo bila hata kujua kwamba ameshika.

Kuhusu rili ya vijito, usitumie fedha nyingi. Kazi yake ni kutunza mshipi. Fedha iliyobaki iweke katika mshipi unaoelea, na ikiwezekana uchague ule uliochongoka pande zote mbili, ambao upande mmoja ukichakaa hugeuzwa ukaanza upya. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki ya mshipi, hivyo nawa mikono baada ya kuipaka. Nzi wa bandia usiwaagize kutoka nje: Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowafunga kwa mkono kwa wingi na kuwauza Ulaya na Marekani, na saizi za ndoano za 12 hadi 16 zinatosha.

Dukani, omba vipande viunganishwe mbele yako. Tazama kwa jicho moja kutoka mshikioni kama vipete vyote, yaani pete ndogo ambamo mshipi hupita, vimenyooka katika mstari mmoja, tikisa ufito usikie kama kiungio chochote kinacheza, kisha pitisha pamba kidogo ndani ya kila kipete. Pamba ikiacha nyuzi mahali popote, kipete hicho kina ufa ambao utaukwangua mshipi mpya hadi uharibike, na ufito huo urudishwe rafuni hata kama bei yake imepunguzwa.