Duka la trofi Oginga Odinga Street, Kisumu: hapa wataulizia mtu wako kwanza

Naandika hii mapema juu mwezi wa kumi ukifika timu nyingi ndogo huku kwetu zinaanza kutafuta trofi mbio mbio na zinaishia na vile vikombe vya plastiki vimeandikwa mshindi tu, basi.

Sisi ni timu ya besiboli, ndio, besiboli, wengi wetu tulitoka kwa raunda ya shule ya msingi tukanogewa, na tunacheza Jumamosi kwa uwanja wa shule upande wa Mamboleo. Mashujaa Day, 20 Oktoba, tuliamua kuheshimu watu watatu. Kecha wetu, amechuchumaa nyuma ya mpigaji miaka 14 mpaka saa hii akiinuka unaskia magoti. Mama mmoja ambaye hajawahi shika glavu lakini daftari la skoa ni lake, mvua ama jua. Na mzee wetu wa chokaa. Huyu mzee ana kamba ya katani yenye mafundo mawili, moja ni mita 18.44, kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani, lingine mita 27.43, besi hadi besi, na kila mechi tumewahi cheza pale mistari imetoka kwa hiyo kamba, anafika saa kumi na mbili asubuhi kabla hata ya wachezaji na hatujawahi kumlipa kitu.

Duka la kwanza tulienda sitalitaja, walikosea jina la mama mara mbili na depo haikurudi. Ndio mtu akatuelekeza hapa, ni chumba kidogo ghorofani, ukipanda ngazi unaanza kuskia mashine ya kuchonga.

Fundi hakuniuliza saizi wala bei. Nilikuwa na karatasi nimeandika "kwa huduma bora" mara tatu, akaisoma, akanirudishia. "Omera, hii hata mimi unaweza nipea. Huyu mama amewafanyia nini haswa?" Tukakaa karibu saa nzima namwelezea, wateja wengine wanangoja na hakunifukuza. Ya mama ikatoka hivi: "Alihesabu kila rani. Hakuna iliyopotea." (Rani ndio pointi ya besiboli.) Ya mzee: "Mistari yote ya uwanja huu imetoka mkononi mwake." Mimi nilisoma hiyo ya pili hapo kwa kaunta nikanyamaza kidogo.

Ya kecha ilikuwa jezi kwa fremu, juu tulikuwa tumestaafisha namba 7 yake, yaani hakuna mwingine ataivaa kwa timu. Nikamwambia fundi vile Yankees, timu ya New York, walifanya na namba 4 ya mchezaji wao Lou Gehrig 1939, ya kwanza kabisa kwa ligi kubwa ya Marekani, na vile 1997 namba 42 ya Jackie Robinson, mchezaji Mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi kwa hiyo ligi, iliondolewa kwa timu zote. Hakuwa anajua besiboli hata kidogo lakini alishika maana haraka, akasema jezi isifuliwe tena, lile doa la udongo begani libaki. Na aliishona kwa uzi kwenye ubao, hakupaka gundi, ndio siku ikitaka kutolewa itoke nzima. Kwa timu yenye jezi 15 pekee, kutoa moja ni kitu kubwa, na alivyoishika nilijua anaelewa.

Bei: plaki za mbao 1,800 kila moja, fremu na kioo 4,500. Si pesa kidogo, tulichanga wiki sita.

Makosa yapo. Walichelewa siku moja, tulichukua vitu tarehe 19 jioni roho ikiwa mkononi. Kioo kinarudisha mwanga sana, ukiweka fremu karibu na dirisha namba huoni. Herufi za chini za plaki ni ndogo, mama ilibidi aazime miwani. Na zile ngazi ziwekwe taa jameni, wazee wanapanda hapo.

Siku yenyewe mzee alisoma yake mara mbili, polepole, akaishikisha mjukuu wake, halafu akaenda kurudishia mstari wa besi ya tatu, viti vya wageni vilikuwa vimeufuta.

Ukienda, peleka kazi wiki tatu kabla, malipo ni M-Pesa, nusu mwanzo nusu ukichukua. Na ukae na mtu wako kwanza umuulize alianzaje, utahitaji hayo majibu pale kwa kaunta.