Uzoefu wangu: Fundi wa cherehani wa Mwanjelwa na gauni langu la kitenge

Kama una cherehani ya zamani ya kukanyaga na imeanza kula nguo, usikubali haraka kuambiwa ukaiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Mimi niliambiwa hivyo na fundi mmoja hapahapa Mbeya. Leo cherehani hiyohiyo inashona vizuri kuliko nilivyowahi kuiona tangu mama aliponiachia, na sifa zote ni za mzee mmoja wa Mwanjelwa.

Kilichonipeleka kwake ni gauni. Kitenge chake nilikichagua mwenyewe Tunduma, pale mpakani, bluu iliyokolea yenye maua ya njano, na shangazi akanikatia gauni refu la mikono mipana. Sijawahi kuwa na nguo iliyonikaa vile. Kwenye sendofu ya binti wa jirani likafumuka kwapani, nikamaliza shughuli nikiwa nimejitanda khanga mabegani.

Kurudishia mshono wa kwapa ni kazi ndogo, kwa hiyo nilikaa nayo mwenyewe nyumbani. Cherehani ikaanza kuruka mishono. Uzi wa chini ukajikusanya fundo, kitambaa kikavutwa ndani ya tundu inamopita sindano, sindano ikakatika. Nilipokitoa, pale kwapani palikuwa na matundu kama pametafunwa na panya. Niliumia sana, na siyo kwa ajili ya pesa.

Fundi wa kwanza alimimina mafuta ya injini kila penye tundu, akazungusha gurudumu, akachukua hela yake. Ikashona kidogo, kisha ikarudia yaleyale, na sasa ikawa inadondosha matone meusi kwenye nguo. Mafuta ya injini ni mazito. Yanashika vumbi na nyuzi, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai yanazidi kuwa mazito. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe kama maji, na chupa yake ndogo siyo ya bei ya kutisha. Nilipomrudia ndipo akaniambia habari za chuma chakavu.

Mzee wa Mwanjelwa nilielekezwa na mama mmoja anayeshona sare za shule. Nilimpelekea kichwa tu, kwenye bajaji, meza na pedeli nikaviacha nyumbani. Baada ya shikamoo hakuuliza lolote kuhusu bei. Alisema, "Mwanangu, kaa hapo uione inavyoumwa." Akafungua kibati kilicho chini ya sindano, kile chenye tundu, akaanza kuchokoa meno yanayosukuma kitambaa. Kilichotoka ni tabaka la vumbi la pamba lililoshikamana na mafuta, gumu, unaweza kulikata kwa kisu. Meno yalikuwa yamezikwa humo, hayainuki ya kutosha kusukuma nguo. Ndiyo maana sindano ilikuwa inapiga palepale.

Kisha akanionyesha jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Sindano ikishuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi hulegea nyuma ya tundu lake na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya ile ndoana inayozunguka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inatakiwa ipite hapohapo, ikinase kitanzi na kukizungusha kwenye uzi wa chini. Ikichelewa au ikiwahi kidogo tu, mshono unarukwa. Yangu ilikuwa inachelewa, maana fimbo inayoshika sindano ilikuwa imelegea na kupanda juu. Akaishusha kidogo kidogo, akizungusha gurudumu kwa mkono na jicho likiwa karibu kabisa na chuma, hadi akaridhika. Ncha ya ndoana ilikuwa na kovu la sindano iliyokatika. Akailainisha kwa msasa laini, na ukingo wa tundu la kibati hivyohivyo, kwa sababu pale palipokwaruzika ndipo uzi ulipokuwa unakatikia.

Alinikataza pia kutumia sindano namba 16 kwenye kitenge cha kawaida. Namba 14 inatosha, na 16 niiache kwa jinzi na makoti. Mwisho akashona kipande chakavu, kwanza kikiwa kimoja, kisha kimekunjwa mara nne, akanipa nivute kwa nguvu zangu zote. Haukuachia. Juu na chini mshono ulikuwa sawasawa.

Yasiyonifurahisha yapo. Alisema nichukue kesho, ikawa wiki, na simu alikuwa hapokei. Mkanda wa ngozi wa kuzungusha gurudumu hakuwa nao, nikautafuta mwenyewe madukani. Risiti hatoi. Nililipa shilingi 30,000, nami naona ni halali kabisa kwa kazi niliyoishuhudia kwa macho, ila kubalianeni bei kabla hajafungua skrubu ya kwanza.

Gauni nililishona mwenyewe kwa cherehani hiyo. Sehemu yenye matundu nikaikata yote, nikaweka kwapani kipande chenye umbo la almasi kutoka kwenye mabaki ya kitenge kilekile, nikilinganisha maua. Sasa naweza kuinua mkono hadi juu bila gauni kunivuta mgongoni, jambo ambalo hata lilipokuwa jipya halikuwezekana. Shangazi alilikagua ndani na nje, akasema tu, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kwa anayemjua shangazi hiyo ni sifa kubwa.

Ukienda kwake, nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, na ubebe uzi wako pamoja na kipande cha kitambaa unachokishona mara nyingi. Atairekebisha cherehani kwa kufuata kitambaa hicho.