Karatasi ya Kujengea Mahandaki ya Dungeons & Dragons: Ipi Ununue, Ipi Uache Dukani

Ukisikia mtu analalamika kwamba majengo ya karatasi hayasimami, yanapinda, au yanafanana na kazi ya mikono ya darasa la tatu, muulize kwanza alinunua karatasi ya gramu ngapi. Mara nyingi jibu ni "ile ya kawaida tu". Hapo ndipo tatizo lilipo. Faili za majengo ya kuchapa, kukata na kukunja, zilizochorwa vizuri, hazina bei kubwa, na nyingine ni za bure, lakini hakuna mchoro utakaouokoa ukuta uliochapwa kwenye karatasi ya barua.

Nazungumza na wale wanaocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi) au michezo ya jamii hiyo mezani, wenye kete za pande 20 na vijisanamu, na wamechoka kuchora mapango kwa kalamu kwenye karatasi ya miraba. Mchezo wenyewe upo tangu 1974. Majengo ya kuuweka juu ya meza yapo ya kila namna, hadi yale ya kampuni ya Dwarven Forge ya Marekani ambayo seti yake huuzwa kwa mamia ya dola kabla hujalipia usafiri na ushuru. Karatasi inakupa handaki zima kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na hiyo, mradi usikosee dukani.

Kipimo cha kushika ni gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Kwa kuwa A4 kumi na sita hufanya mita moja ya mraba, karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na ya gramu 200 ina gramu 12.5. Kwa hiyo muuzaji akikuletea paketi iliyochanika lebo na kusema "hii ni nzito, bosi", omba karatasi kumi uziweke kwenye mizani ya jikoni: zikisoma gramu 125, hiyo ni 200 kweli. Zikisoma 80, ni gramu 128 kwa mita, hata aape vipi.

Maelekezo ya faili za Kimarekani huleta utata mwingine, maana wao hupima kwa ratili, na ratili zenyewe hutegemea aina ya karatasi. Ile wanayoiita "110 lb index" ni sawa na gramu 199. "65 lb cover" ni gramu 176. "80 lb cover", ambayo kwa namba inaonekana nyepesi kuliko ile ya 110, ni gramu 216. Andika hizo tatu kwenye simu, kisha sahau ratili.

Nafasi ya kwanza: gramu 200 hadi 220, nyeupe, isiyong'aa

Kwa kuta, nyumba, milango na minara ya pembe nne, hii haina mshindani. Ukuta wa sentimita tano au sita unasimama wenyewe, unaguswa na mikono ya wachezaji sita jioni nzima, na kona zake hazilegei. Inakunjika vizuri ukiikwaruza kwanza: pitisha rula ya chuma kwenye mstari wa mkunjo, kisha kandamiza kwa kalamu ya Bic iliyoisha wino. Usipokwaruza, karatasi ya uzito huu hupasuka juu na kuacha mstari mweupe uliochongoka.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu hawalijui: karatasi ina upande ambao nyuzi zake zimelala. Ipinde taratibu kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio ulikolala nyuzi, na mikunjo mirefu ya kuta ikienda sambamba nao itatoka safi. Huwezi kuchagua hili kila mara, lakini kama duka lina paketi mbili za bei moja, chagua ile ambayo nyuzi zake zinaelekea kwa urefu wa A4, kwa kuwa kuta nyingi huchorwa hivyo.

Ubaya wake ni printa. Printa nyingi za nyumbani zinazoivuta karatasi kutoka trei ya chini na kuigeuza tumboni hukwama na gramu 200. Zinazolisha kutoka nyuma, kama zile za tangi la wino aina ya Epson L3250, huipindisha kidogo tu karatasi hii nene, na ukilisha karatasi mojamoja kwa kawaida hupita. Soma kwanza uzito wa juu unaotajwa kwenye kitabu cha printa yako.

Nafasi ya pili: gramu 160

Hii ndiyo rahisi kuipata Kariakoo, Nairobi au Mombasa, maana ofisi huitumia kwa majalada ya ripoti na shule kwa vyeti. Karibu kila printa huimeza. Kwa mapipa, makasha ya hazina, meza, ngazi, minara ya duara na kila kitu kinachotaka kuviringishwa, mimi huichagua kabla ya ile ya 200, kwa sababu karatasi nene ikiviringishwa kwa kipenyo kidogo hufanya pembe pembe. Kwa kuta ndefu itakubidi uweke kiungo cha ndani: kipande kilichokunjwa umbo la L, kimegundishwa kila baada ya sentimita kumi hivi.

Kama una bajeti ya paketi moja tu na printa ni ya kuazima, nunua hii.

Nafasi ya tatu: karatasi ya stika ya A4 juu ya bodi ngumu

Kwa sakafu tu, na kwa sakafu inazipita zote mbili za juu. Sakafu ya handaki inatakiwa ilale bapa na iwe na uzito, na gundi ya maji ndiyo adui wa ubapa. Stika haina maji. Chapa, bandua, bandika juu ya bodi ya kijivu wanayotumia wafunga vitabu, yenye unene wa milimita 1.5 au 2, kisha kata. Omba stika isiyong'aa, ya karatasi nzima isiyokatwa vipande. Bei yake kwa karatasi ni ya juu, ndiyo maana haifai kwa majengo yote.

Nafasi ya nne: gramu 80 na gundi juu ya boksi

Njia ya asiye na kitu, na siidharau. Maboksi ya nafaka za asubuhi na ya viatu yana kadi nzuri. Paka gundi kidogo sana, kwa kipande cha kadi badala ya brashi, bandika, halafu weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Bandika karatasi tupu upande wa pili pia. Bila hivyo bodi itajikunja kuelekea upande wenye gundi, na pwani kwenye unyevu wa Machi na Aprili itajikunja zaidi.

Za kuacha

Gramu 250 hadi 300 ni ya kadi za harusi. Inasimama, ndiyo, lakini masikio ya kugundishia, yaani vile vipande vya pembeni vinavyopakwa gundi, yanakuwa manene kiasi kwamba kila kona inaonyesha bonge. Inafaa kwa vitako vya vijisanamu vya karatasi, basi.

Karatasi ya picha inayong'aa ndiyo muuzaji atakayokusukumia kwa nguvu, kwa vile rangi zinatoka zinawaka. Iache. Gundi nyeupe haishiki juu ya utando wake, mkunjo unapasuka, na taa ya dari itaakisi kwenye kila ukuta hadi pango la mazimwi lionekane kama bafu lenye vigae.

Ukichapisha stesheneri

Wengi wetu hatuna printa, na sioni haja ya kuinunua kwa ajili ya hobi hii. Peleka karatasi yako mwenyewe na umwambie fundi mapema: "Kaka, hii ni gramu 200, nakuomba uipitishe trei ya mkono." Mashine kubwa za leza huipokea vizuri. Fahamu tu kwamba rangi ya leza hukaa juu ya karatasi, hivyo hupasuka kwenye mkunjo. Rangi ya printa ya wino huzama ndani na hukunjika vizuri, lakini nyingi huchuruzika zikiguswa na maji. Ukitumia wino, puliza vanishi isiyong'aa mara mbili nyepesi kabla ya kukata. Ukitumia leza, pitisha maka peni ya kijivu au kahawia kwenye mikunjo na kwenye kingo zote zilizokatwa. Kingo nyeupe ndizo zinazofichua kuwa mnara ni karatasi, na kuzipaka kunachukua dakika chache tu.

Kisha ukubwa. Mraba mmoja wa mchezo ni milimita 25.4, unaowakilisha futi 5. Faili nyingi zimepangwa kwa karatasi ya Marekani ya milimita 216 kwa 279, siyo A4 yetu ya 210 kwa 297. Kompyuta ya dukani ikiachiwa ijipangie, itapunguza mchoro ili uenee. Upungufu wa asilimia 3 hauonekani kwa macho, ila kwenye miraba kumi ni karibu milimita 8, na vipande vya faili mbili tofauti havitaoana tena. Sema "asilimia mia, usipunguze", chapa karatasi moja, pima miraba minne kwa rula: isome milimita 101 na nusu hivi. Ndipo uruhusu nyingine.

Kisu na gundi

Kisu chembamba cha makali ya kuvunja, cha milimita 9, kinatosha. Aina hiyo ilibuniwa Japani mwaka 1956 na bado sijaona kitu bora kwa bei yake. Chukua chenye ncha kali ya digrii 30 ukikipata, na uvunje makali mara tu karatasi inapoanza kuchanika badala ya kukatika. Watu hubana makali kana kwamba ni dhahabu. Mkeka wa kukatia ununue. Kioo kinafifisha makali upesi. Mkasi ni wa kukatia nje ya mstari tu.

Gundi: ile nyeupe ya mafundi seremala, kwa tone dogo. Gundi ya kijiti huachia baada ya miezi michache ya joto. Supagluu huacha doa na kukugundisha vidole.

Faili zenyewe

Fat Dragon Games na Dave Graffam Models ni watengenezaji wa kuanzia; faili zao zinauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya DriveThruRPG na Wargame Vault, unalipa mara moja na kujichapia upendavyo kwa matumizi yako. Kenya, kadi ya M-PESA GlobalPay inarahisisha malipo. Za Graffam nyingi zina matabaka: unawasha ukuta wa mawe, unazima wa mbao, unaongeza dirisha. Visomaji vingi vya PDF vya simu havionyeshi matabaka hayo, kwa hiyo fanya uchaguzi wako kwenye kompyuta, hifadhi upya faili ikiwa bapa, yaani matabaka yameunganishwa kuwa picha moja, ndipo uipeleke dukani kwenye flashi.

Majengo yakishakauka, gundisha washa za chuma (vile vyuma vya duara vinavyowekwa chini ya nati) chini yake kabla ya kuyaweka kwenye meza iliyo chini ya feni. Yahifadhi ndani ya boksi la rimu za A4, pamoja na vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.