Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA): naupa nyota 4, ila kwanza hakikisha hujaenda Kisongo

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili mwingine asirudie. Nililala kwa dada Arusha, nina ndege ya asubuhi ya kwenda Dar, nikadaka boda mpaka Kisongo, ule uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, najiona mjanja kweli nimewahi, namwonesha mlinzi tiketi anaiangalia, ananiangalia, anasema "kaka, hii yako ni ya KIA." KIA! Upande wa pili kabisa wa mji, karibu kilomita 60 kutoka pale niliposimama na begi langu. Ndege ikaniacha.

Ila jamani siko peke yangu. Desemba 18, 2013 Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa inaenda KIA ilitua hapohapo Kisongo, yaani lile dege kubwa kwenye uwanja wenye njia ya kurukia ya mita 1,620 tu wakati ya KIA ina kama mita 3,600. Ikafika mwisho wa lami, kujaribu kugeuza matairi yakazama kwenye majani. Hakuna aliyeumia ashukuriwe Mungu, ila abiria walikaa humo ndani masaa maana ngazi ya kufika mlango wa ndege kubwa hivyo haikuwepo pale. Baadae ilibidi ipunguzwe uzito ndo ikaweza kuruka kuhamia KIA. Sasa kama rubani alichanganya, mimi wa boda ni nani.

Basi tuje kwenye KIA yenyewe. Watu wanalalamika "mbona wameuweka porini," ni kweli ukitua usiku huoni mji wowote, Arusha iko kama kilomita 50 na Moshi kama 40. Lakini uwanja haukujengwa kwa ajili ya mji mmoja, ulijengwa kwa ajili ya kaskazini yote, mlima pamoja na Serengeti na Ngorongoro. Ulifunguliwa 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, na wazo lilikuwa mtalii atue hapa moja kwa moja badala ya kushukia Nairobi halafu aingie kwetu kwa gari, hela yote ya maana imebaki kule. 1977 Jumuiya ikavunjika, East African Airways nayo ikafa, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983, na hapo ndo unaona kumbe kuwa na uwanja wako lilikuwa jambo la akili sana.

1998 ikaundwa kampuni ya KADCO kuuendesha kwa ubia na wawekezaji, mwaka 2009 serikali ikachukua hisa zote. Halafu yakaja yale matengenezo makubwa ambayo Uholanzi walichangia, kama uliupita kabla ya 2015 ukirudi leo utaona tofauti, jengo lilipanuliwa kutoka kuhudumia abiria laki 6 kwa mwaka kwenda milioni 1.2.

Kinachonifurahisha mimi ni udogo wake. Hakuna treni za ndani wala kutembea nusu saa kutafuta geti. Hakuna hata zile korido za kuingilia kwenye ndege, unashuka kwa ngazi unatembea kwenye lami, na kama hakuna mawingu Kilimanjaro huo hapo na Meru ule pale. Nimeona wazungu wanasimama katikati ya lami wanapiga picha mpaka mhudumu anawaswaga kama mbuzi hahaha.

Ndani kuna vya kawaida, ATM, kubadilisha hela, laini za simu, vinyago na kahawa. Kama unapokea mgeni kutoka nje mwambie afanye viza mtandaoni kabla hajapanda ndege, maana ikitua ndege kubwa watu wanajazana kwenye dirisha la viza na we uko nje unasubiri unahesabu mbu. Mwambie pia asibebe mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Na anayepita nchi zenye homa ya manjano awe na kadi ya chanjo mkononi, sio chini kabisa ya sanduku.

Kitu kingine kinachanganya watu, ukitafuta tiketi mtandaoni usiandike KIA, herufi zake za kwenye tiketi ni JRO, hizo herufi zimetolewa kwenye jina Kilimanjaro. Mashirika yapo ya kutosha, KLM miaka na miaka, kuna Qatar, Turkish, Ethiopian, na za nyumbani Air Tanzania na Precision.

Nyota moja nimeikata kwenye usafiri wa kufika. Hakuna daladala ya kukuingiza mpaka mlangoni, unashuka njia panda ya KIA kwenye barabara ya Arusha-Moshi halafu unachukua boda au teksi kumalizia, na ukiwa na masanduku mawili na mtoto hiyo sio safari ni mazoezi ya jeshi. Bei ya teksi patana KABLA hujapakia mzigo, ukishapakia umekwisha. Na kinachoniuma zaidi kama mtu wa kaskazini, maua na mboga zetu nyingi bado zinapandishwa lori kwenda kurukia Nairobi wakati tuna njia ya mita 3,600 hapa nyumbani, yaani watalii tuliwarudisha ila maharage mabichi bado yanavuka mpaka!

Mwisho kuhusu siti, ukitoka Dar kaa kulia, ukirudi Dar kaa kushoto, mlima utauona vizuri. Mimi siku ile ya Kisongo nilikaa kushoto hivyohivyo na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, sema nilikuwa dirishani kwenye basi.