Tahadhari: Kipimo cha "mwili mzima" cha kushika chuma, hapa Dodoma

Ndugu wakazi wa Dodoma, hasa mnaouguza wazee wenye kisukari, someni taarifa hii kabla ya kuwapeleka kwenye mahema ya karibu na soko la Majengo, ambako wanatangaza kwa kipaza sauti kwamba wanapima mwili mzima kwa shilingi elfu kumi.

Mama yangu mdogo, mgonjwa wa kisukari, alishikishwa chuma kilichounganishwa na kompyuta kwa dakika moja hivi, akakabidhiwa karatasi nyingi zilizodai kwamba figo zimechoka na damu ina sumu. Miongoni mwa karatasi hizo ulikuwamo ukurasa mzima unaoeleza hali ya tezi dume yake. Mhudumu hakuwa amefuta taarifa za mwanamume aliyetangulia, na mashine iliyosifiwa kwamba inasoma kila seli haikutambua kuwa aliyeishika ni mwanamke. Hata hivyo aliuziwa maboksi ya dawa lishe kwa shilingi laki mbili na nusu, akaagizwa aache metfomini, dawa yake ya kisukari, ili mwili "usafishike".

Hilo la kuachishwa dawa ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu taratibu, na mgonjwa anaweza asihisi lolote kwa muda mrefu. Sukari hupimwa kwa damu. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wake kwa takribani miezi 2 hadi 3 iliyopita. Figo huchunguzwa kwa kupima kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo huichuja, na kwa mkojo. Basi mtu akikuambia figo zako ni mbovu, muulize amepima nini hasa, kisha upime jambo hilohilo kwenye maabara ya hospitali kabla ya kununua chochote.

Vyeti vilivyotundikwa visiwashawishi. Tulichoonyeshwa sisi kilikuwa cha BRELA, ambayo husajili kampuni na majina ya biashara, wala haichunguzi kama dawa inaponya. Dawa za hospitali husajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Za asili zinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ombeni namba ya usajili wa bidhaa yenyewe, mkaihakiki huko. Muuzaji wetu alipoombwa namba hiyo alifungua simu na kutuonyesha shuhuda za waliopona, bila kueleza kama waliendelea kumeza dawa za hospitali.

Aliyekwisha kuacha dawa zake arudi kliniki wiki hii, akiwa na maboksi na karatasi hizo, ili daktari aone alichokuwa akitumia.