UPS ya kompyuta ya mezani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Umeme ukikatika ghafla, kinachoumia mara nyingi si kompyuta yenyewe. Huumia faili lililokuwa wazi, Windows iliyokuwa katikati ya kujisasisha, au diski iliyokuwa inaandika. Pawa saplai huumia baadaye, umeme unaporudi na volti kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Kwa hiyo UPS, kifaa chenye betri kinachokaa kati ya soketi na kompyuta, ina kazi mbili: kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, na kupokea kishindo cha kurudi kwa umeme. Anayetaka kufanya kazi gizani kwa muda wa saa tatu asinunue UPS. Aende moja kwa moja namba 3.

Hesabu kwanza

Boksi huandika 650VA kwa herufi kubwa. Wewe tafuta wati, ambazo kwa UPS ndogo huwa kama nusu hadi asilimia 60 ya namba hiyo: 325 hadi 390. Kompyuta za ofisi zilizotumika zinazojaa madukani, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, hula wati 40 hadi 80 kwa kazi za kawaida. Usitishwe na 240W iliyoandikwa kwenye pawa saplai. Hicho ni kikomo chake. Monita ya inchi 22 ongeza 20 hadi 30. Jumla ni wati 100 hivi. Kompyuta ya michezo yenye kadi kubwa ya picha ni habari nyingine, inaweza kufika 400.

Ndani ya UPS ya 650VA kwa kawaida mna betri moja ya 12V 7Ah, yaani wati-saa 84. Muuzaji atagawanya 84 kwa 100 akuahidi dakika 50. Betri ya asidi ikinyonywa kwa kasi hiyo hutoa kama nusu tu, na UPS nayo hula sehemu yake. Tarajia dakika 15 hadi 20 betri ikiwa mpya.

1. UPS yenye AVR, 650VA hadi 1000VA

Kwa watu wengi utafutaji uishie hapa. Boksi litakuwa na maneno "line interactive" au "AVR", yaani kirekebisha volti. Umeme wa 230V ukishuka hadi 170, transfoma ya ndani huupandisha bila kugusa betri, ukizidi, huushusha. Mtaa ambao jioni umeme huwa mdogo, UPS isiyo na AVR itakimbilia betri kila mara, na betri hiyo haitakaa. Soma upeo wa volti: 160 hadi 290 ni mzuri. Muda wa kuhamia betri huwa milisekunde 4 hadi 10, na pawa saplai isiyo na hitilafu huvumilia kama 16.

Kasoro yake ni umbo la umeme. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hulikataa: UPS inalia, kompyuta inazima papo hapo, na mwenye nayo analaumu betri. Kwa mashine ya ofisi tatizo hili si la kawaida. Kwa kompyuta ya michezo lipia iliyoandikwa "pure sine wave", yaani wimbi laini lisilo na ngazi.

Ukiweza, nenda dukani na kompyuta yako. UPS ikiwa na chaji, fungua kazi yoyote, kisha zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi, maana ukichomoa unakata na waya wa ardhi. Kompyuta isizime. Rudia mara tatu.

Angalia mambo mawili zaidi. Je, betri ina mlango wake chini, au lazima ufungue boksi zima? Je, ina waya wa USB? Kwa USB, Windows huiona UPS kama betri, nawe unaiagiza ihifadhi kila kitu na kuzima ikibaki asilimia 30. Wa Linux watumie programu ya NUT. Bila waya huo, umeme ukikatika ukiwa hupo, UPS itaishiwa na kompyuta itaanguka vilevile.

2. Kompyuta mpakato na monita

Kama bado hujanunua kompyuta, fikiria hili. Betri tayari imo ndani, hakuna muda wa kuhama, na mashine hula umeme kidogo. Unganisha monita na kibodi, na duka au steshenari itaendelea na kazi. Ya mtumba ikaguliwe betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Chini ya nusu, punguza bei au ondoka.

3. Inveta na betri ya lithiamu

Inveta hugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Hii ni ya saa nyingi: ofisi yenye kompyuta kadhaa, ruta na taa. Inveta nyingi zina mipangilio miwili ya kuhamia betri: "APL", ya vifaa vya kawaida vya nyumbani, huchukua milisekunde 20, na "UPS", ya kompyuta, 10. Mafundi huiacha kwenye APL, halafu kompyuta zinajizima na kuwaka tena kila umeme ukikatika. Mwambie fundi abadilishe kabla hujamlipa.

4. UPS ya "online"

Haina muda wa kuhama kabisa, lakini feni hulia mchana kutwa na joto ni jingi. Waachie wenye seva na maabara.

5. UPS isiyo na AVR

Nunua tu kama mtaa wako una umeme tulivu. Stabilaiza na vilinda-friji havina betri, hivyo havimo kwenye shindano hili.

Baada ya kununua

Chaji saa 8 au zaidi kabla ya kuitegemea. Printa ya leza isiguse soketi za betri. Hita yake huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Jenereta ndogo isiyotulia huifanya UPS iukatae umeme wake na kubaki kwenye betri. Punguza kiwango cha usikivu ("sensitivity") kama UPS ina mpangilio huo.

Betri hizi hupimwa kwenye joto la nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri hupungua kama nusu. Ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi ijiandae kubadilisha baada ya miaka miwili hivi. Usikubali ushauri wa kuunga betri ya gari: chaja ya ndani hutoa kama ampea 1, hivyo betri ya 70Ah itachukua siku tatu, na saketi haikuundwa kustahimili joto la saa nzima. Nunua 12V 7Ah ya kufungwa, milimita 151 kwa 65 kwa 94. Pima upana wa vibati vya nyaya, 4.75 au 6.35, na ipime kwa mita dukani: ikisoma chini ya volti 12.5, imekaa rafuni muda mrefu bila chaji.